Nyama Iliyochemka Badala ya Kubabuka: Kisa cha Bakuli la Steki na Wali wa Kukaanga

Usuli

Kisa hiki kilitokea Japani, katika mji mmoja wa viwanda, kwenye nyumba ya kupanga ya vyumba viwili. Mpishi ni mama wa Kitanzania aliyemfuata mumewe masomoni. Nitamwita Bi. T. Jina, mji na mambo mengine yanayoweza kumtambulisha nimeyaondoa, na mwenyewe ameridhia kisa kisimuliwe. Mimi niliingia siku ya pili yake, kwa sababu tunafahamiana na nimefanya kazi jikoni mwa mgahawa kwa miaka kadhaa.

Bi. T. si mgeni wa jiko. Pilau yake huchambuka punje kwa punje, na watu hutoka miji ya jirani kuifuata sikukuu ikifika. Nalitaja hili mapema kwa sababu makosa yaliyotokea hayakutokana na kutojua kupika. Yalitokana na kujua vizuri sana upishi wa aina nyingine.

Alikuwa amealika watu wanne: mzee mmoja kutoka Unguja aliyekuja kumtembelea binti yake, binti mwenyewe, kijana wa Kikenya anayesoma chuo kimoja na mumewe, na bibi wa Kijapani anayeishi mlango wa pili. Pamoja na wenyeji wenyewe walikuwa sita. Alitaka kuwapikia chakula cha nchi waliyomo, tena kile ambacho watoto wake walikuwa wamekipenda mgahawani: bakuli la wali uliokaangwa kwa kitunguu saumu na siagi, juu yake vipande vya steki na sosi ya soya.

Mlo wenyewe

Wajapani wengi hawakuwa walaji wa ng'ombe kwa karne nyingi. Mwaka 675 Mfalme Tenmu alitoa amri ya kukataza kula ng'ombe, farasi, mbwa, nyani na kuku kwa miezi kadhaa ya mwaka, na mwiko huo ukaendelea kwa sura mbalimbali hadi 1872, ilipotangazwa hadharani kwamba Mfalme Meiji amekula nyama. Steki ya kupikwa juu ya bamba la chuma mbele ya mteja ni changa zaidi. Mgahawa wa Misono wa mjini Kobe ndio unaotajwa kuianza, mwaka 1945. Katika migahawa ya namna hiyo nyama hutangulia, kisha mpishi huchukua mafuta yaliyobaki kwenye bamba, hutupia kitunguu saumu, na kukaangia wali wa kufungia mlo. Nyumbani watu huviunganisha vyote viwili katika bakuli kubwa, donburi.

Kwa hiyo siri ya bakuli hili imo katika bamba. Ni chuma kinene, kipana, chenye moto mkali, kisichotikisika nyama inapotua juu yake. Bi. T. alikuwa na kikaango chepesi kisichoshika chakula, cha sentimita 26, na jiko la umeme la induksheni la kuchomeka ukutani. Umeme wa majumbani Japani ni volti 100, na jiko kama hilo kwa kawaida halizidi wati 1,400.

Jumapili ya kwanza

Aliamka mapema. Nyama alikuwa ameinunua duka la halali, imeganda, kilo moja na robo, ikiwa imekatwa vipande bapa vyenye unene wa kama sentimita moja. Aliiyeyusha ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu. Kisha akafanya alichofundishwa na mama yake kuhusu nyama: akaiunga. Kitunguu saumu cha kutwanga, tangawizi, chumvi na sosi ya soya, akaifunika kwa saa moja.

Wali aliupika muda mfupi kabla ya wageni kuingia, maji akiyapima kwa kidole juu ya mchele kama afanyavyo kwa mchele wa Kyela. Mchele wa Kijapani ni wa punje fupi na nene, na asili yake ni kunata. Kwa kipimo kile ukalowa, ukawa mwororo mno.

Wageni wakaketi. Akapasha kikaango, akamimina mafuta, akapanga vipande vinne vya nyama kwa mara moja. Sauti ya kukaanga ilisikika kwa muda mfupi, ikafifia, ikageuka kuwa ile ya sufuria inayotokota. Maji ya kijivu yakapanda hadi nusu ya unene wa nyama. Alipoona hivyo alifunika, akisema moyoni kwamba angalau ilainike. Baada ya dakika kumi na mbili akafunua akakuta nyama ya rangi ya majivu, imejikunja kingo, ngumu kama soli. Maji yalipokauka hatimaye, punje za kitunguu saumu zikaungua na kuacha uchungu.

Wali nao aliumwaga wote katika kikaango kilekile, kilo moja na ushee, akaukoroga kwa mwiko huku akimimina sosi ya soya katikati. Ukawa bonge.

Lakini kilichomuumiza zaidi kilikuwa mezani. Sosi ya kumiminia juu aliipika kwa kufuata maelekezo ya kawaida: sosi ya soya, sukari na mirin, kiungo kitamu cha majimaji cha Kijapani kitokanacho na mchele. Mzee akauliza kwa upole, kabla hajaonja, "Mwanangu, hii umeitia nini?" Bi. T. akaenda jikoni, akaisoma chupa ya mirin kwa kamera ya simu. Ilikuwa mirin halisi, yenye kileo cha takriban asilimia 14. Hakutafuta maneno ya kujikinga. Alirudi, akawaambia wote, akaiondoa sosi mezani, akaandaa wali mkavu wa akiba na mayai. Mzee akamshukuru na kumwombea dua.

Siku iliyofuata

"Dada, nyama imenitia aibu mbele za watu," ndivyo alivyoanza aliponipigia. Alikuwa tayari na hukumu: nyama ilikuwa mbovu, na duka lile harudi tena. Nilimwomba anisimulie kila hatua, pamoja na mlio wa kikaango. Mlio ndio ulionifungulia kisa. Nyama inayokaangwa hupasuka kwa sauti kali, inayochemka huguna. Nyama yake haikuwahi kukaangwa hata dakika moja kamili.

Tulipiga hesabu pamoja mezani kwake. Gramu moja ya maji yanayochemka huhitaji takriban jouli 2,260 ili igeuke mvuke. Jiko la wati 1,400, hata kama kila chembe ya joto lake ingeingia kwenye maji peke yake, lingekausha gramu 37 hivi kwa dakika. Vipande vinne vilivyoyeyushwa kwa maji ya uvuguvugu na kulowekwa kwenye sosi vikitoa gramu 150 za maji, hizo ni dakika nne kabla rangi ya kahawia haijaanza kuja. Maji yakiwamo, joto la kikaango hukaa kwenye nyuzi 100, na kubabuka kunadai uso mkavu na joto la kama nyuzi 140 kwenda juu. Sasa kipande cha unene wa sentimita moja hakina dakika nne za kusubiri. Kinaiva mpaka katikati, kinapita, kinakauka, na rangi bado haijafika.

Kuna jambo jingine hapa ambalo lugha yetu inalificha. Bucha la Tanzania ukiagiza steki unapewa mnofu usio na mfupa, nao tunaukatakata na kuuchemsha hadi uive. Nyama yetu nyingi ni ya ng'ombe aliyetembea, yenye mishipa migumu, na mishipa hiyo hulainika kwa moto wa taratibu wa muda mrefu, juu ya nyuzi 70 hivi. Kwa hiyo mkono wa Bi. T. ulipofunika kikaango ulikuwa unafanya jambo la busara kabisa, ila kwa chakula kingine. Dakika kumi na mbili ni nyingi mno kwa nyama ya kubabua, na ni chache mno kwa nyama ya kuchemsha. Alisimama katikati, penye ugumu mtupu.

Maamuzi ya mara ya pili

Aliamua kuwaalika wageni walewale baada ya wiki mbili. Nilimshauri aanze na watu wawili kwanza. Alikataa, akisema deni ni deni. Basi tukapanga kwa kufuata wazo moja: jiko letu halina nguvu ya kukausha maji, kwa hiyo maji yatoke kabla ya moto.

*Nyama.* Alirudi duka lilelile, akaomba kipande kizima kilichoganda akikate mwenyewe. Akapata vipande viwili vyenye unene wa sentimita tatu, kila kimoja kama gramu 550. Vikayeyuka ndani ya friji tangu Ijumaa usiku hadi Jumamosi jioni, juu ya wavu, maji yakidondokea sahani. Akavifuta, akavitia chumvi kijiko kimoja cha chai kwa kila kipande, yaani kama asilimia moja ya uzito, akavirudisha kwenye friji bila kuvifunika hadi Jumapili. Chumvi huvuta maji juu mwanzoni, na ukiiacha muda mrefu maji hayo hurudi ndani na chumvi yake, uso ukakauka. Ukitia chumvi dakika kumi kabla ya kukaanga unapata lile tabaka la maji tu. Kitunguu saumu na sosi havikugusa nyama mbichi.

*Wali.* Hapa Bi. T. alinitangulia. "Kumbe wanataka kiporo!" alisema, akacheka. Ndivyo hasa. Wali ukipoa na kulala, wanga wake hujikaza, punje zikapunguza kunata, na ndiyo maana kiporo cha wali asubuhi kinakaangika vizuri kuliko wali wa mchana ule. Alitaka kuuacha kwenye sufuria usiku kucha kama kwao. Hilo nililipinga kwa nguvu. Kuna bakteria aitwaye Bacillus cereus ambaye mbegu zake hustahimili kuchemshwa, wali ukikaa vuguvugu huamka na kuzaana, na moja ya sumu zake haiondoki hata ukiukaanga wali kwa moto mkali kiasi gani. Kwa hiyo alipika vikombe vinne vya Kijapani, kila kimoja mililita 180, kwa maji pungufu kidogo ya mstari ulio ndani ya sufuria ya umeme, akautandaza kwenye trei mbele ya feni, na mvuke ulipokwisha tu ukaingia friji.

*Moto.* Jirani, yule bibi wa Kijapani, alimwazima jiko la mezani la mtungi mdogo wa gesi, lile wanalopikia nyama na mboga kwenye chungu wakati wa baridi. Moto wake ni zaidi ya mara mbili ya lile la umeme. Tuliazima pia kikaango cha chuma cha sentimita 26. Kipimo hicho kina maana: sufuria pana inayofunika sehemu ya mtungi huurudishia joto, na mtungi unaweza kulipuka. Dirisha wazi, feni ya jikoni imewashwa.

*Sosi.* Bila mirin, bila sake, yaani pombe ya mchele. Hata sosi ya soya ilibadilishwa, kwa sababu ya kawaida huwa na kileo kidogo kinachotokana na kuchachuka, na nyingine huongezewa kileo ili isiharibike. Duka la halali lilikuwa na chupa yenye nembo ya ithibati. Vijiko vinne vya mezani vya sosi hiyo, viwili vya sukari, vitatu vya maji, nusu ya kitunguu maji na nusu ya tofaa, vyote vimekunwa. Akachemsha hadi ikawa nzito, akamalizia na ndimu. Tofaa lilileta utamu na mng'ao ambao wengine huupata kwa mirin. Binafsi naiona bora kuliko ile ya chupa.

*Kiwango cha kuiva.* Hili tulilijadili kuliko yote. Steki ya namna hii huliwa ikiwa ya waridi katikati, nyuzi 55 hivi. Mzee hangekula hivyo. Bi. T. alisoma kwamba wekundu ule si damu bali ni maji ya nyama yenye protini iitwayo mayoglobini, akataka kumweleza mgeni. Nikamwambia mzee hakuja darasani. Tukakubaliana: kipande kimoja kiondolewe kwenye moto kikiwa nyuzi 52, cha pili nyuzi 66.

Jumapili ya pili

Alianza na kitunguu saumu kilichokatwa slesi nyembamba, kiini cha kijani kimeondolewa, ndani ya mafuta baridi, moto mdogo. Vilipofika rangi ya majani makavu akavitoa. Vikingoja rangi ya dhahabu vikiwa bado kikaangoni, huendelea kuiva nje na kuishia kuwa vichungu. Mafuta yakabaki na harufu yote.

Kikaango kikapata moto mpaka mafuta yakaanza kutoa uzi wa moshi. Kipande kimoja tu kikaingia. Mlio haukushuka. Alikuwa anakigeuza kila dakika, na kila alipokigeuza uso ulikuwa umezidi kuwa wa kahawia, mpaka ukafanana na ukoko wa chini ya sufuria. Kama dakika nane, kipimajoto kikasoma 52. Kikapumzishwa juu ya wavu. Cha pili kilichukua dakika kumi na tatu, tukishusha moto katikati.

Wali aliuchambua kwa vidole vilivyoloweshwa kidogo, ukaingia kwa mafungu matatu ya gramu 450. Kijiko kimoja cha mafuta yale ya nyama na kitunguu saumu, wali ukabanwa kwa mwiko, ukaachwa dakika nzima bila kuguswa. Hapo ndipo mkono ulipotaka kukoroga, nami nikamshika kiwiko. Ukageuzwa, ukaachwa tena. Sosi ya soya vijiko viwili vya chai ikamiminwa ukingoni mwa chuma, si juu ya wali. Ikachemka hapohapo, ikatoa harufu ya kuungua kidogo, ndipo ikachanganywa. Mwisho siagi, pilipili manga na majani ya kitunguu.

Nyama ilikatwa kukatisha nyuzi zake. Ile ya waridi kwa unene wa kidole chembamba, ile iliyoiva kwa unene wa nusu sentimita au pungufu.

Matokeo

Wali ulichambuka, huku ukiwa na vipande vya ukoko ndani yake. Bibi wa Kijapani alikiokota kimoja kwa vijiti, akasema "okoge", nalo ni neno lao la wali ulioshika chini. Mzee akainua kichwa: "Hata nyie mwauita ukoko?" Wakacheka wote wawili, na kuanzia hapo meza ilichangamka bila mkalimani.

Nyama ya waridi ilikuwa laini. Ile ya nyuzi 66 ilikuwa na ukakamavu wa kutafuna, lakini ukataji mwembamba uliiokoa. Mzee alimaliza bakuli, akaomba kuongezwa wali.

Mambo mawili hayakuwa sawa. Bakuli za kwanza zilimiminiwa sosi mpaka ikafika wali, nao ulikuwa tayari una soya na siagi, kwa hiyo chini kukawa na chumvi kali na ulowevu. Bakuli tatu za mwisho sosi iliwekwa pembeni kwenye kisahani, na zilikuwa bora. La pili, mafungu matatu ya wali yalichukua zaidi ya dakika kumi na tano, na nyama ya walioandaliwa mwisho, yaani wenyeji, ilikuwa imepoa.

Uchambuzi

Watu waliosikia kisa hiki hunirukia na jiko la gesi: "Basi tatizo lilikuwa moto." Moto ulisaidia, sikatai. Lakini wiki moja baadaye Bi. T. alirudia kwa watu wawili kwenye jiko lake lilelile la umeme, wati 1,400, na kikaango cha chuma alichokwisha kununua. Kipande kimoja kikavu, wali wa friji, fungu moja. Ilichukua muda mrefu zaidi kupata rangi, ila ilipata. Kwa hiyo nauweka ukavu na uchache mbele ya ukali wa moto. Mtu asiye na gesi asikate tamaa, apunguze walaji.

Kuunga nyama mapema si kosa kwa mishikaki, kwa sababu juu ya mkaa maji hudondoka na kwenda zake. Kikaangoni hayana pa kwenda. Tofauti hiyo ndogo ndiyo iliyomponza, na sijaona maelekezo yanayomweleza hivyo mpishi aliyezoea mkaa.

Kuhusu mirin, uamuzi wa kusema ukweli palepale ulikuwa sahihi kuliko uamuzi mwingine wowote wa siku zile mbili, hata kama ulimgharimu sosi. Mzee alirudi mara ya pili kwa sababu hiyo. Kosa lilikuwa nyuma yake: lebo isomwe dukani, si mezani. Na sosi ya soya husahaulika zaidi kuliko mirin kwa sababu hakuna anayeidhania.

Hesabu ya watu ndiyo niliyoshindwa mimi. Nilijua kwamba nyama huweza kusubiri kidogo na wali wa kukaanga hauwezi, lakini sikuwaza kwamba kikaango kimoja kwa watu sita kinamlazimu mmoja wao kula cha baridi. Ningepanga upya leo, ningekaanga nyama ile iliyoiva kwanza na ile ya waridi mwisho kabisa, fungu la kwanza la wali likiingia nyama ikiwa imepumzika dakika tano tu, na wageni watatu wa mwanzo waanze kula bila kuwasubiri wengine. Bi. T. hakubaliani nami. Anasema kwake mgeni hali peke yake huku mwenzake anatazama bakuli tupu, na kwamba mara ijayo ataazima vikaango viwili.